Wasomaji Wauliza: Jua la Ikweta, Maji ya Sipi na Kuvu Kwenye Lenzi

Maswali ya toleo hili yametoka kwa wapenzi wa picha za mandhari, wengi wao wakiwa na kamera ya mtumba au simu tu. Karibu yote yana mzizi mmoja: msomaji amefuata ushauri ulioandikwa kwa nchi za mbali, na picha haikutoka. Tumejibu kwa kuangalia jua, mvua na vumbi la Uganda.

Mwanga wa dhahabu unanikimbia

*Nimesoma kwamba wakati mzuri wa kupiga picha ni saa nzima baada ya jua kuchomoza, na saa nzima kabla halijatua. Nikipanda kilimani nakuta rangi imekwisha kabla sijafunga kamera kwenye tripodi. Nakosea wapi?* – Mwalimu wa sekondari, Mukono

Mwalimu, unachokosea ni hesabu ya muda tu. Ushauri huo wa saa nzima umetoka Ulaya na Marekani ya Kaskazini, ambako jua hupanda kwa mshazari. Kwetu ikweta jua hupanda wima, nyuzi 15 kwa saa. Mwanga wa dhahabu hudumu hadi jua lifike kama nyuzi 6 juu ya upeo wa macho, kwa hiyo una dakika 24 hivi, basi. London mwezi wa Juni safari hiyohiyo ya nyuzi 6 huchukua karibu mara mbili ya muda huo. Utusitusi wa alfajiri nao ni mfupi: toka uanze kuona njia bila tochi mpaka jua litokeze ni dakika 21 au 22.

Ndani ya dakika hizo chache mwanga hubadilika kwa kasi sana. Kabla ya jua kutokeza huongezeka maradufu kila baada ya dakika 3 hivi. Mtu aliyepanga kamera mara moja, kisha akaendelea kupiga kwa mpangilio uleule, picha yake ya tano huwa imeungua mbinguni. Kagua histogramu (mchoro wa kwenye skrini unaoonyesha giza la picha kushoto na weupe wake kulia) kila baada ya picha mbili. Mlima wake ukigota ukutani upande wa kulia, punguza.

Utaratibu unaofaa ni huu. Chagua mahali siku moja kabla, mchana, uone hasa utakaposimama. Siku yenyewe fika dakika 40 kabla ya jua. Mukono na Kampala jua hutokeza kati ya saa 12 na nusu asubuhi (mwanzoni mwa Novemba) na saa 1 kamili (katikati ya Februari). Kasese ongeza dakika 10. Usisahau kwamba jua halitokei pale pale mwaka mzima: Juni husogea nyuzi 23 kaskazini ya mashariki, Desemba nyuzi 23 kusini yake. Kilima kilichokupa picha safi Juni huenda Desemba kikakuzibia jua kabisa.

Jambo moja dogo linaloharibu picha nyingi: urekebishaji wa rangi ukiachwa kwenye "auto", kamera huiona ile dhahabu kuwa ni kasoro na kuifuta. Weka kwenye alama ya jua, kama 5500K, na uiache hapo.

Na saa za mchana? Machi na Septemba jua liko utosini, kila mti unakalia kivuli chake, mabonde yanaonekana bapa. Saa hizo ni za kutafuta mahali pa kusimama kesho. Lakini mvua ya alasiri ikikatika saa 10 au 11 jioni, toka haraka. Hewa imeoshwa, mawingu bado yamesimama, jua linapenya kwa chini. Mwanga huo ni bora kuliko macheo mengi, na wengi hukosa kuupata kwa sababu wameshafungasha.

Nina simu tu

*Ninaendesha boda boda na nikipata nafasi napiga picha za miamba ya Patiko kwa simu. Mbingu hutoka nyeupe tupu, na nikivuta karibu picha inakuwa chengachenga. Je, mpaka ninunue kamera?* – Kijana wa boda, Gulu

Usinunue bado, ndugu. Anza kwa kufuta kioo cha kamera ya simu kwa kitambaa laini cha pamba, kwa sababu mafuta ya vidole na vumbi la barabara hufanya jua litapakae picha nzima. Kisha gusa mbingu kwenye skrini na ushikilie kidole mpaka alama ya kufuli itokee. Buruta kile kijua kidogo kuelekea chini mpaka mawingu yaonekane umbo lake. Miamba itatoka na giza kidogo; hilo hurekebishika baadaye, lakini mbingu iliyoungua hairudi.

Ule uchengachenga unatokana na kuvuta kwa vidole viwili: simu haivuti chochote, inakata tu kipande cha picha na kukikuza. Songa kwa miguu. Kama simu yako ina lenzi ya pili ya mbali, bonyeza alama yake. Lenzi pana ya 0.5 itumie mchana tu. Kwenye simu nyingi sensa yake (kipande cha ndani kinachopokea mwanga) ni ndogo kuliko ile kuu, na jioni hutoa picha yenye matope.

Washa mistari ya gridi ili upeo wa macho usilale upande. Mwanga ukipungua, egemeza simu kwenye jiwe au kofia ya pikipiki, weka taima ya sekunde 3, uiachilie. Ukiwa na modi ya Pro, hifadhi kwa RAW (faili ghafi isiyopikwa na simu), ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) iwe 50 au 100. Na unapomtumia rafiki kwa WhatsApp, itume kama dokumenti. Ukiituma kama picha ya kawaida inabanwa, na majani ya mbali yanakuwa rangi moja.

Maji ya Sipi yasiyo na umbo

*Nataka maji ya maporomoko ya Sipi yatoke laini kama ninavyoona kwa wengine. Nimeweka kasi ndogo, picha nzima ikawa nyeupe. Fundi mmoja akanishauri nitumie kioo cha welda. Ni kweli kinafaa?* – Muuguzi, Mbale

Dada, kasi ndogo maana yake mwanga mwingi unaingia, kwa hiyo lazima uupunguze kwa njia nyingine. Anza na mwanga wenyewe. Siku ya jua kali, kwa ISO 100 na f/11 (f ni kipimo cha tundu la lenzi: namba ikikua, tundu hupungua), kamera itakutaka 1/250 ya sekunde, maji yataganda. Siku ya mawingu, ndani ya korongo, mpangilio huohuo unakupa 1/15 au hata 1/8. Umeshafika karibu bila kununua kitu. Ongeza kichungi cha polaraiza, ambacho humeza mwanga wa hatua moja na nusu hadi mbili (kila hatua hupunguza mwanga kwa nusu), na uko kwenye 1/4 ya sekunde. Kwa hiyo panga kwenda siku ya mawingu. Wanaongojea jua liangaze maji wanajitafutia kazi bure.

Polaraiza ina faida nyingine ambayo hakuna programu inayoweza kuiga: huondoa mng'ao wa maji kwenye majani na mawe, na ukijani wa migomba unatoka ulivyo. Izungushe taratibu huku ukitazama jiwe lililolowa mpaka ule mng'ao upotee.

Ukilazimika kupiga penye jua, ndipo unahitaji kichungi cheusi. Cha hatua 6 hugeuza 1/250 kuwa 1/4 ya sekunde, nacho ndicho tunachokipendekeza ununue kwanza. Cha hatua 10 kitakupa sekunde 4, na kwa maporomoko hiyo ni nyingi mno: maji hupoteza nyuzi zake na kubaki pamba. Kwa lile poromoko kubwa la Sipi, lenye karibu mita 100, maji huanguka membamba, na 1/4 hadi nusu sekunde inatosha. Maporomoko ya Murchison ni habari tofauti. Pale Nile nzima inajibana kwenye ufa wa mita 7 hivi na kuanguka zaidi ya mita 40. Ukiyalainisha maji hayo umeyanyang'anya nguvu yake. Tumia 1/500, kila tone lionekane linaruka.

Sasa kioo cha welda. Namba 10 hukata mwanga karibu hatua 13, kwa hiyo ile 1/250 inakuwa sekunde 30 na kitu. Tatizo la kwanza ni rangi: picha nzima hutoka kijani kizito, na ukirekebisha, nyekundu na bluu huwa zimeshapotea. Tatizo la pili ni kwamba kioo hicho hakikusuguliwa kwa ajili ya lenzi, hivyo ncha za vitu hufifia. Kwa picha ya rangi nyeusi na nyeupe kinaweza kukufundisha hesabu ya sekunde. Kwa picha ya rangi, kiache karakana.

Fuata mpangilio huu, kwa sababu ukiuvuruga ndipo mambo huharibika: funga kamera kwenye tripodi, lenga, zima ulengaji wa kujiendesha, maana kamera haioni kitu nyuma ya kichungi cheusi na itaanza kuhangaika, zima kizuia mtikisiko cha lenzi, ambacho juu ya tripodi kwa kamera nyingi huleta mtikisiko badala ya kuuzuia, ndipo uweke kichungi. Kama kamera yako ina tundu la kuchungulia lenye kioo cha ndani, lizibe kwa kitambaa cheusi, la sivyo mwanga huingia kwa nyuma na kuacha doa la zambarau katikati. Tumia taima ya sekunde 2. Punguza mwangaza kwa theluthi mbili ya hatua ili weupe wa maji usiungue.

Tripodi ifungue miguu minene kwanza, ile myembamba ya chini iwe ya mwisho, na nguzo ya katikati usiinyanyue kabisa. Ning'iniza begi katikati, lakini liguse ardhi. Likibembea kwa upepo linatikisa kila kitu.

Rasharasha ndiyo adui mkubwa pale chini. Beba vitambaa viwili, kimoja cha kunyonya maji, kingine kikavu cha kumalizia. Kati ya picha na picha, kamera itazame chini.

Na ukitaka upinde wa mvua, jua liwe nyuma yako. Ukisimama usawa mmoja na rasharasha, jua lazima liwe chini ya nyuzi 42: kwetu hiyo ni kabla ya saa 3 na nusu asubuhi, au baada ya saa 10 na robo jioni. Murchison mto unaelekea magharibi, kwa hiyo asubuhi simama juu ya maporomoko utazame chini ya mto. Jioni panda boti utazame juu. Polaraiza izungushe kwa uangalifu hapa, maana upande mmoja huuongezea upinde rangi, upande wa pili huufuta wote.

Ukungu wa Bunyonyi

*Ukungu wa asubuhi ziwani hutoka wa kijivu kama moshi wa kuni. Pia nikilenga visiwa, maua ya mbele hayaonekani sawasawa. Nikilenga maua, visiwa vinafifia.* – Msomaji, Kabale

Kamera hupima mwanga ikidhani kila kitu duniani kina weupe wa wastani, hivyo ukungu mweupe inaufanya kijivu. Ongeza mwangaza theluthi mbili ya hatua hadi hatua nzima, huku ukikagua histogramu.

Kuhusu kulenga: kwa lenzi ya 18mm kwenye kamera yenye sensa ya APS-C (ndogo kuliko sensa kamili ya 35mm), ukiwa f/11, lenga kitu kilicho mita 2 kutoka kwako. Kila kilichoko kuanzia sentimita 85 hadi upeo wa macho kitakuwa safi. Ukipenda f/8, lenga mita 2 na nusu, na maua yasiwe karibu kuliko mita 1 na robo. Wengi hukimbilia f/22 wakidhani ndiyo dawa; kwenye tundu dogo hivyo mwanga hupinda kingoni na picha nzima hulegea. Pima mita 2 kwa hatua zako mbili ndefu, lenga hapo, kisha zima ulengaji wa kujiendesha.

Ukipiga ukiwa ndani ya mtumbwi, tripodi haina maana. Panda ISO hadi 400 au 800, usishuke chini ya 1/250.

Ziwa liko zaidi ya mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na usiku ni wa baridi. Ukiingiza kamera iliyopoa ndani ya gari lenye joto, itatoka jasho mpaka ndani ya lenzi. Ifunge kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) iliyokazwa kabla ya kuingia, uiache humo nusu saa hadi saa nzima. Unyevu utakaa nje ya kaveera.

Nyuzi za buibui ndani ya lenzi

*Nina lenzi iliyokaa kwenye begi lake la ngozi tangu mwaka jana. Sasa ndani kuna nyuzi nyembamba kama za buibui na picha zimekuwa na ukungu. Nimeambiwa niiweke kwenye mchele.* – Mzee mstaafu, Entebbe

Mzee wetu, hiyo ni kuvu, na mchele hautaiponya. Mchele hunyonya unyevu kidogo sana, halafu unga wake huingia kwenye pete za lenzi.

Kuvu huota pakiwa na unyevu wa zaidi ya asilimia 60 kwa muda mrefu, giza, na hewa iliyotulia. Begi la ngozi lililofungwa kando ya ziwa linatimiza yote matatu. Mbegu zake ziko hewani kila mahali. Huwezi kuzizuia, unaweza tu kuzinyima maji.

Kwanza, itenge lenzi hiyo na nyingine. Fungua tundu lote, washa tochi ndogo upande mmoja, utazame kwa upande wa pili kwa mshazari. Nyuzi chache pembeni zinaondoleka: fundi wa kamera atafungua na kufuta. Usikawie, kwa sababu kuvu hutoa asidi inayokula ule utandu wa rangi juu ya kioo, na ukishalika hakuna wa kuurudisha. Kama nyuzi zimeenea katikati na kioo kimeanza kuonekana kama kimekwaruzwa, pima gharama ya fundi na bei ya lenzi ya mtumba. Mara nyingi ya pili ni nafuu. Kuianika juani kunaweza kupunguza kasi ya kuvu, lakini nyuzi zilizokufa hubaki palepale, na joto huyeyusha grisi ya pete.

Kwa lenzi zilizobaki, nunua ndoo au boksi la plastiki lenye mfuniko wa mpira unaobana. Ndani weka silika jeli gramu 200 hadi 300 na kipimo kidogo cha unyevu. Lenga asilimia 40 hadi 50. Usiende chini ya 30, maana mpira na grisi hukauka. Chagua silika ya rangi ya machungwa inayogeuka kijani ikishiba. Ile ya bluu huwa na kobalti, ambayo ni sumu, hasa nyumba ikiwa na wajukuu. Ikishiba, itandaze kwenye sinia ya bati, iingize kwenye oveni ya nyuzi 110 hadi 120 kwa saa 2 au 3, itatumika tena. Begi la ngozi liwe la safari tu, si la kulalia lenzi.

Na zitumie. Lenzi inayotoka nje kila wiki ikapigwa na upepo na mwanga ni nadra kuota kuvu.

Madoa yaleyale mbinguni

*Kila picha ina madoa mawili meusi sehemu moja, hata nikibadilisha lenzi.* – Msomaji, Soroti

Vumbi limekaa kwenye sensa. Hakikisha kwa kupiga mbingu tupu ukiwa f/16. Ili ulipate, kumbuka kwamba sensa hupokea picha juu chini: ukiitazama kwa mbele, doa la juu kushoto kwenye picha liko chini kushoto kwenye sensa.

Chaji betri ijae, fungua modi ya kusafisha sensa, elekeza mdomo wa kamera chini, upulize kwa pampu ya mpira mara 8 au 10 bila kuigusa ndani. Usipulize kwa kinywa. Mate hukauka yakaganda. Usitumie mashine ya upepo ya gereji, kwa kuwa hutoa maji na oili. Vumbi likikataa, ni kazi ya brashi maalumu au fundi. Na kwenye barabara ya murramu usibadilishe lenzi dirisha likiwa wazi: zima kamera, ielekeze chini, lenzi nyingine iwe tayari mkononi.

Rwenzori haionekani

*Ninaishi mbele ya milima ya Rwenzori, lakini siku nyingi haionekani. Nikiiona, picha hutoka ya bluu na hafifu. Ningependa pia kuanza kazi ya miaka mingi, si picha ya siku moja. Nianzie wapi?* – Mkutubi, Fort Portal

Milima yenu iko magharibi, kwa hiyo jua la asubuhi linaipiga usoni na la jioni linaiacha kivuli kitupu. Wakati wenu ni macheo, hasa asubuhi inayofuata mvua ya usiku. Ikifika saa 3 mawingu huwa yameanza kupanda kutoka mabondeni. Miezi ya kiangazi, Desemba hadi Februari na Juni hadi Agosti, anga huwa na moshi wa nyasi zinazochomwa, na moshi haukatwi na polaraiza. Miezi ya mvua ina siku chache za wazi, lakini zikija ni safi kweli. Tumia lenzi ya 70 hadi 200mm ukate mawanda ya mbele, kwa kuwa hewa ya bondeni ndiyo yenye ubluu mwingi.

Kuhusu kazi ya miaka mingi, umegusa jambo ambalo tungependa wasomaji wengi walifanye. Mwaka 1906 Mwitaliano Vittorio Sella alipanda Rwenzori na msafara wa mwanamfalme wa Italia aliyeitwa Duke wa Abruzzi, ule uliofika kilele cha Margherita chenye mita 5,109. Alipiga picha za barafu kwa uangalifu mkubwa. Watu waliokuja baadaye walisimama palepale aliposimama, na ndiyo sababu leo tunaweza kuona kwa macho, si kwa takwimu tu, kilichotokea: barafu iliyokadiriwa kuwa kilomita za mraba 7.5 mwaka ule ilikuwa imebaki chini ya kilomita 1 ya mraba ilipopimwa mwaka 2003.

Huna haja ya kupanda. Chagua bonde, kingo ya ziwa la kreta, au kilima kinachokatwa miti. Simama mahali ambapo vitu viwili vya kudumu, jiwe la karibu na kona ya jengo la mbali kwa mfano, vinalala kwenye mstari mmoja. Tafuta jozi nyingine upande wa pili wa picha. Jozi hizo mbili zikikaa sawa, umesimama palepale, hata GPS ya simu ikikudanganya mita 5. Andika daftarini: GPS kwa tarakimu 5 baada ya nukta, urefu wa kamera kutoka ardhini, milimita za lenzi, mwelekeo wa dira, tarehe na saa. Rudi mwezi uleule, saa ileile, ili vivuli vifanane. Vivuli vikitofautiana mtu hawezi kujua kama kilichobadilika ni ardhi au ni jua. Beba nakala ya picha ya kwanza iliyochapishwa na kuchorwa gridi, uilinganishe na skrini kabla ya kubonyeza. Picha zihifadhi sehemu mbili, moja nje ya nyumba.

Nyota za Karamoja

*Huku hakuna taa za mji. Nimejaribu kupiga nyota, zinatoka kama vijiti, na ule mviringo unaoonekana kwenye picha za wengine siupati.* – Msomaji, Kaabong

Gawanya 300 kwa milimita za lenzi, baada ya kuzizidisha kwa 1.5 kama sensa ni APS-C. Lenzi ya 18mm inakupa sekunde 11. Wengi hutumia 500 badala ya 300, na kwa nyota za karibu na ncha ya anga inatosha. Lakini nyota zinazopita juu ya vichwa vyetu ndizo zinazokwenda kasi kuliko zote. Weka ISO 3200 na tundu la wazi kabisa ulilonalo. Lenga kwa mkono: kuza nyota angavu kwenye skrini mara 10, zungusha pete mpaka iwe nukta ndogo kabisa. Ile alama ya mbali sana kwenye lenzi mara nyingi si sahihi.

Kitovu cha Njia Nyeupe, ule mkanda hafifu wa nyota angani, kinapatikana Machi saa 10 alfajiri, kusini-mashariki, siku zisizo na mwezi, kabla mvua zenu hazijaanza.

Mviringo kamili hutaupata, na si kosa lako. Nyota huzunguka ncha mbili za anga, na ncha ya kaskazini huonekana juu ya upeo kwa nyuzi sawa na latitudo ya mahali. Kaabong iko karibu nyuzi 3 na nusu kaskazini, hivyo ncha hiyo inalala nyuma ya vilima. Ukielekeza kamera kaskazini au kusini utapata nusu duara inayosimama juu ya ardhi. Ukielekeza mashariki, mistari inapanda wima, picha ambayo mtu wa Ulaya hawezi kuipiga kwao. Piga picha 120 za sekunde 30 mfululizo, bila kupumzika katikati ili mistari isikatike, na uziunganishe kwa programu ya bure kama StarStaX. Zima upunguzaji wa chenga wa kamera, maana huingiza pengo la sekunde 30 baada ya kila picha.

Daraja na droni

*Naruhusiwa kupiga bwawa la umeme nikiwa nje ya uzio? Na droni je?* – Msomaji, Jinja

Usipige bwawa, wala kambi ya jeshi, wala daraja lenye walinzi. Pale Karuma pia askari huzuia. Uzio haukulindi. Ukiwa na shaka, muulize mlinzi kabla hujatoa kamera begini, si baada. Droni inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na ndani ya hifadhi kibali kingine cha Mamlaka ya Wanyamapori. Mto wenyewe, visiwa vyake na wavuvi waliokubali kupigwa picha, hao ni halali yako.